Unga Mzuri, Betri Dhaifu: Kisa cha Kathodi ya Chembe za Nano Arusha

Kisa hiki kilitokea katika maabara moja ya Arusha ninakofundisha, na nimekiandika kwa ruhusa ya mwanafunzi aliyehusika, binti wa Moshi aliyekuwa akifanya utafiti wa shahada ya uzamili. Kazi yake ilikuwa kutengeneza unga wa kathodi (upande chanya wa betri) wa fosfati ya lithiamu na chuma, wenye chembe za nano, yaani zinazopimwa kwa nanometa, sehemu za bilioni za mita, kwa ajili ya betri zinazochajiwa. Alipata unga uliokuwa mzuri kwa kila kipimo alichokijua: mkavu, mwepesi, wa rangi ya kijivu, na chembe zake zilikuwa ndogo kuliko alivyotarajia. Ulipowekwa ndani ya seli ulitoa miliamperi-saa (kipimo cha umeme unaohifadhiwa) 71 kwa gramu, ilhali uwezo wa kinadharia wa kemikali hiyo ni 170. Zaidi ya nusu ya lithiamu iliyokuwa ndani ya unga ule haikutoka, na haikutoka hata tulipoisubiri siku nne.

Ninakieleza kisa hiki kwa urefu kwa sababu kosa lililotukuta linaweza kumkuta yeyote anayeshughulika na vitu vya nano. Tulikuwa tumeuamini udogo wa chembe kuliko mpangilio uliomo ndani ya chembe yenyewe.

Kwa nini fosfati ya chuma

Kampuni ya Sony ilipoanza kuuza betri za lithiamu mwaka 1991, kathodi yake ilikuwa oksidi ya lithiamu na kobalti, ambayo John Goodenough na wenzake walikuwa wameieleza mwaka 1980 wakiwa Oxford. Kobalti ni ghali, na sehemu kubwa ya kobalti ya dunia huchimbwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, katika mazingira ambayo yamelalamikiwa kwa miaka mingi. Mwaka 1997 Goodenough huyo huyo, safari hii akiwa Texas, Marekani, alieleza pamoja na wenzake kathodi nyingine isiyo na kobalti kabisa, iliyoundwa kwa lithiamu, chuma, fosforasi na oksijeni. Mwaka 2019 yeye, Stanley Whittingham na Akira Yoshino walitunukiwa kwa pamoja Tuzo ya Nobel ya Kemia kwa kazi yao ya betri za lithiamu.

Kwa mazingira yetu kemikali hii ina faida iliyo wazi. Seli yake moja hutoa takriban volti 3.2, kwa hiyo seli nne zikiunganishwa kwa mfululizo hutoa volti 12.8, na hicho ndicho kiwango ambacho mifumo ya sola ya majumbani, kuanzia Ngaramtoni hadi Marangu, imezoea kukipata kutoka kwenye betri za risasi na asidi. Fosforasi huishika oksijeni kwa nguvu, hivyo seli ikipata joto kupita kiasi haiachilii oksijeni kwa urahisi kama zinavyofanya kathodi za kobalti. Chuma kipo kila mahali. Hata fosfati tunayo karibu, kwa kuwa anayesafiri kutoka Arusha kwenda Babati hupita Minjingu, kando ya Ziwa Manyara, ambako mwamba wa fosfati huchimbwa na kutengenezwa mbolea. Sisi hatukutumia fosfati ya Minjingu katika kisa hiki, kwa sababu mwamba wa fosfati huja na kalsiamu na floridi, na kuusafisha hadi kufikia kiwango cha betri ni utafiti mwingine unaojitegemea. Ila natamani mtu aufanye, tena aufanye hapa hapa.

Udhaifu wa kemikali hii ni wa aina mbili, na bila kuuelewa huwezi kukielewa kisa. Kwanza, haipitishi umeme vizuri. Ikiwa peke yake iko karibu na kizio kuliko kipitishi. Pili, ioni za lithiamu, yaani atomu zake zenye chaji, ndani ya fuwele yake hazitembei kila upande. Zina vichochoro vilivyonyooka upande mmoja tu, na ioni haina desturi ya kuhama kutoka kichochoro kimoja kwenda kingine. Hii ndiyo sababu katika majaribio ya mwaka 1997 kiasi cha lithiamu kilichotoka na kurudi kilikuwa kama asilimia 60 tu, na waandishi wenyewe waliiona kuwa inafaa kwa matumizi ya mkondo mdogo. Dawa mbili zilizokuja baadaye ndizo zilizoifikisha sokoni: kuzivika chembe koti jembamba la kaboni, wazo lililoletwa na Michel Armand, Nathalie Ravet na wenzao mwishoni mwa miaka ya 1990, na kuzifanya chembe ziwe ndogo.

Faida ya udogo ni ya hesabu ya kawaida ya msambao. Muda ambao ioni inahitaji kutoka katikati ya chembe hadi ukingoni hukua kwa mraba wa umbali. Ukipunguza umbali kutoka mikromita 1 hadi nanometa 100, yaani mara 10, muda hupungua mara 100. Hesabu hii ni ya kweli na inavutia sana, nami nimeiandika ubaoni kila mwaka. Kinachosahaulika ni kwamba inachukulia kuwa njia iko wazi.

Namna unga ulivyotengenezwa

Mwanafunzi alichagua njia ya maji moto yaliyofungiwa ndani ya chombo cha shinikizo. Chombo chenyewe ni silinda nene ya chuma cha pua yenye kikombe cha tefloni ndani, cha mililita 100, kinachojazwa mililita 70 na si zaidi, kwa kuwa maji yakifikia nyuzi joto 180 shinikizo ndani hufika takriban mara 10 ya lile la hewa ya kawaida, na maji yanayotanuka yanahitaji nafasi. Chombo hufungwa kwa kifuniko cha skrubu, huwekwa ndani ya oveni ya kukaushia, na hakifunguliwi mpaka kipoe kabisa.

Kwa kila pishi alipima salfeti ya chuma gramu 5.56, asidi ya fosforasi ya asilimia 85 gramu 2.31, na haidroksaidi ya lithiamu gramu 2.52, ambavyo kwa hesabu ya moli, yaani kwa idadi ya chembe na si kwa uzito, ni uwiano wa 1 kwa 1 kwa 3. Mpangilio wa kuchanganya ulifuatwa kwa uangalifu: salfeti ya chuma na asidi kwanza, kisha lithiamu ikiongezwa taratibu huku mchanganyiko ukikorogwa. Ukianza na chuma na haidroksaidi peke yao, utapata haidroksaidi ya chuma ambayo hushika oksijeni ya hewani upesi sana na kuanza kugeuka rangi ya kutu mbele ya macho yako. Aliongeza asidi ya askobiki kidogo, ambayo ni vitamini C, ili kukilinda chuma kisioksidike. Maji yalikuwa ya kuchemshwa na kukusanywa mvuke wake, kwa sababu maji ya bomba ya sehemu nyingi za Arusha yana floridi, na hatukutaka shaka ya aina hiyo iingie katika kazi.

Baada ya saa 10 ndani ya oveni, chombo kilipofunguliwa kilitoa tope la kijivu linalokaribia kijani. Alilichuja na kuliosha kwa maji mpaka tone la kloridi ya bariamu lilipoacha kutoa ukungu mweupe, ishara kwamba salfeti imekwisha, kisha akalikausha. Hatua ya mwisho ndiyo iliyokuwa na uamuzi mzito. Kwa kawaida unga huu huchanganywa na sukari na kuchomwa katika tanuri la bomba kwenye nyuzi 600 hadi 700 chini ya gesi isiyo na oksijeni, ili sukari iungue na kuacha koti la kaboni. Yeye aliamua kuiruka hatua hiyo, akasaga unga pamoja na masizi safi ya kaboni kwa saa kadhaa. Sababu yake ilikuwa ya maana: mtungi wa argoni, ambayo ndiyo gesi hiyo, ni ghali, tanuri linakula umeme mwingi, na uzuri wa njia ya maji moto ni kwamba inapika kwa joto la chini. Kama unga ungeweza kufanya kazi bila tanuri, karakana ndogo ya hapa Arusha ingeweza kuutengeneza. Nilikubaliana naye, na uamuzi ule nauhesabu kuwa wetu sote wawili.

Washukiwa watatu

Seli za majaribio, zenye umbo la sarafu, zilifungwa ndani ya sanduku la glavu lililojaa argoni, kwa kuwa chumvi ya elektroliti (kimiminika kinachopitisha ioni ndani ya seli) ikikutana na unyevu hutoa asidi ya floridi. Tulichaji na kuzitumia kati ya volti 2.5 na 4.0. Mstari wa volti ulikaa tambarare karibu na 3.4, kama unavyotakiwa kuwa kwa kemikali hii inapopimwa dhidi ya lithiamu yenyewe (zile 3.2 ni za seli ya kawaida), lakini ulikuwa mfupi. Umbo lilikuwa sahihi na urefu haukutosha. Hilo peke yake lilituambia kwamba kemikali iliyotengenezwa ni yenyewe, ila sehemu yake kubwa haishiriki.

Mshukiwa wa kwanza alikuwa oksijeni. Kama chuma kimepanda kutoka hali ya 2 kwenda 3, yaani kimepoteza elektroni moja zaidi, basi badala ya fosfati inayofaa tungekuwa na mchanganyiko wa vitu visivyo na kazi. Mwanafunzi aliyeyusha unga kidogo katika asidi ya haidrokloriki iliyopitishwa argoni kwanza, akaongeza matone ya thiosianeti ya potasiamu. Chuma cha hali ya 3 hugeuza mchanganyiko huo kuwa mwekundu kama damu. Aliweka karibu yake mirija mitano ya kulinganishia yenye kiasi kinachojulikana, kuanzia mweupe hadi mwekundu mzito, akaishika yote mbele ya dirisha. Mrija wa unga wetu ulikuwa wa waridi hafifu, kati ya wa kwanza na wa pili. Oksijeni ilikuwa imegusa, lakini kwa asilimia chache, nayo haiwezi kula nusu ya uwezo.

Mshukiwa wa pili alikuwa ukubwa wa chembe. Sampuli zilipelekwa Dar es Salaam kwa basi, vichupa viwili vilivyozungushiwa mkanda na kuwekwa ndani ya kopo la kahawa, zikapigwa picha kwa hadubini ya elektroni. Picha zilirudi baada ya wiki tatu, nasi tukazifungua kwa furaha. Chembe zilikuwa vipande bapa kama vigae vidogo, unene wake ukiwa kati ya nanometa 50 na 80. Katika njia hii ya kupika, upande mwembamba wa kigae kwa kawaida ndio ule ambao vichochoro vya lithiamu vinauelekea, kwa hiyo ioni zilikuwa na safari fupi kuliko tulivyoomba. Kwa hesabu ya ubaoni, unga ule ungepaswa kuwa wa kasi sana.

Mshukiwa wa tatu alikuwa kaboni. Pengine masizi hayakuzifikia chembe zote, na zile zisizoguswa hazikupata elektroni. Tulitengeneza seli nyingine zenye masizi mara mbili. Uwezo ulipanda hadi 76. Kisha tukafanya jaribio ambalo ningemshauri kila mtu alifanye mapema zaidi kuliko sisi: tulichaji seli kwa mkondo mdogo mno, uliopangwa kuchukua saa 50 kuijaza na saa 50 kuimaliza. Ikiwa tatizo ni uvivu, yaani umbali mrefu au umeme kupita kwa shida, seli ikipewa muda wa kutosha hutoa karibu kila kitu ilichonacho. Ilitoa 83. Lithiamu ile haikuwa imechelewa njiani, ilikuwa imefungiwa.

Vichochoro vilivyozibwa

Jibu lilikuwa limekaa katika karatasi tuliyoipita haraka. Pamoja na picha za hadubini tulikuwa tumepokea vipimo vya eksirei, na mwanafunzi alikuwa ameviangalia kwa swali moja tu: je, vilele vyote vya mchoro wake ni vya kemikali tuliyoitaka? Vilikuwa hivyo, naye akaweka alama ya vyema. Niliporudi kuvipima mahali vilipokaa kwa usahihi, niliona vyote vimesogea kidogo. Ujazo wa chumba kimoja cha msingi cha fuwele, yaani kipande kidogo kinachojirudia, ulikuwa angstromu za ujazo 293.4 (angstromu moja ni nanometa 0.1). Fosfati ya lithiamu na chuma iliyopangika vizuri ina takriban 291.4. Tofauti ni chini ya asilimia moja, na ndiyo iliyobeba kisa kizima.

Fuwele hii ina nafasi za aina mbili kwa metali, moja ya lithiamu na moja ya chuma, nazo zinafanana kwa ukubwa kiasi cha kutosha kukosewa. Unga ukitengenezwa kwa joto dogo, atomu hazipati nguvu ya kurekebisha makosa, na baadhi ya chuma hubaki kimekaa mahali pa lithiamu. Timu ya Whittingham, ambayo iliitumia njia hii ya maji moto mwanzoni mwa miaka ya 2000, ilikutana na jambo hili hili katika unga uliopikwa kwenye nyuzi 120 hivi, na iligundua kuwa joto linapaswa kuzidi nyuzi 175 ili mpangilio ukae sawa.

Anayeijua Kilombero, soko letu la hapa Arusha, siku ya Jumamosi asubuhi ataielewa athari yake bila mchoro. Mkokoteni wa viazi ukikwama katika kichochoro chembamba, aliye nyuma yake hapiti. Na ikikwama mikokoteni miwili, walio katikati hawana pa kutokea, hata kama barabara kuu iko hatua kumi tu kutoka hapo. Nilimwandikia mwanafunzi hesabu ifuatayo. Vituo vya lithiamu ndani ya kichochoro vimeachana kwa takriban nanometa 0.3, kwa hiyo kigae cha unene wa nanometa 60 kina vituo 200 kwa kila kichochoro. Ikiwa asilimia 2 tu ya vituo hivyo imekaliwa na chuma, kuna vizuizi 4, ambavyo vinakigawa kichochoro katika vipande 5. Vipande viwili vya mwisho, kimoja kila upande, vina mlango wa kutokea. Vitatu vya katikati havina. Kwa hiyo asilimia 40 tu ya lithiamu iko huru. Uwezo tuliokuwa tumeupata, 71 kati ya 170, ni asilimia 42.

Sitaki hesabu hii ichukuliwe kuwa ushahidi kamili, kwa kuwa vizuizi havikai kwa umbali sawa, na ioni chache hufaulu kuruka kwenda kichochoro cha pili. Lakini inaonyesha wazi kwa nini udogo hausaidii kama tulivyofikiri. Kama vizuizi ni vingi, hata kigae chembamba kina vya kutosha kuifungia lithiamu ya katikati. Udogo ni msaada mkubwa pale ambapo makosa yamepungua kiasi kwamba kichochoro kizima kina kizuizi kimoja au hakina kabisa.

Oveni

Lilibaki swali moja gumu. Mwanafunzi alikuwa amepika kwenye nyuzi 180, si 120. Aliniambia kwa uhakika, "Mwalimu, kila saa nilikuwa naangalia. Kioo kinasema mia na themanini." Nilimwamini, na alikuwa anasema kweli. Kioo kilikuwa kinasema hivyo.

Tulifunga waya wa kipimajoto kwenye ubavu wa chombo chenyewe cha chuma, tukaupitisha kwenye tundu la juu la oveni, tukawasha, tukakaa. Baada ya saa moja namba ya oveni ilikuwa 180 na chombo kilikuwa 96. Baada ya saa tatu chombo kilikuwa 131. Kilisimama kwenye 138, na kwa saa tano zilizofuata hakikupanda tena. Unga ambao daftari lilisema umepikwa kwa 180 ulikuwa umepikwa kwa 138, na saa kadhaa kati ya zile 10 zilitumika kupanda tu.

Tulimwita fundi kutoka eneo la Unga Limited hapa Arusha, mzee ambaye amezifungua oveni za mikate na za hospitali maisha yake yote. Mwanafunzi alimwamkia, "Shikamoo, mzee," naye akaitikia huku tayari ameinama kusikiliza nyuma ya oveni. Hakutumia kipimo chochote. "Marahaba, mwanangu. Hii feni imekufa," alisema. Feni ya kuzungusha hewa ilikuwa imesimama, pengine kwa miezi. Hewa ya moto ilikaa juu, karibu na kihisio kinachoongoza joto, na rafu ya chini, ambako chombo kizito kiliwekwa ili kisidondoke, ilibaki na ubaridi. Alibadilisha beringi na kapasita siku hiyo hiyo. Tuliporudia kipimo, chombo kilifika 176 baada ya saa mbili na nusu. Tuliipandisha oveni hadi chombo, si oveni, kikae kwenye 190.

Kurekebisha kwa hatua moja moja

Mwanafunzi alitaka kufanya kila kitu upya kwa pamoja: joto sahihi, sukari, tanuri. Nilimzuia, kwa sababu tungepata unga mzuri bila kujua ni nini kilichouponya.

Hatua ya kwanza ilikuwa joto peke yake. Unga mpya wa nyuzi 190, uliosagwa na masizi kama ule wa awali, ulionyesha ujazo wa fuwele wa 291.7, na uwezo ukapanda kutoka 71 hadi 118. Mkondo mdogo wa saa 50 uliufikisha 141. Sasa hapa ndipo uvivu ulipoanza kuonekana, kwa kuwa lithiamu ilitoka ilipopewa muda. Kaboni ya kusagia haikuwa imezivika chembe ipasavyo.

Hatua ya pili tulirudi kwenye unga mbaya wa mwanzo, uliokuwa umebaki gramu chache, tukauchoma katika tanuri la bomba kwenye nyuzi 650 kwa saa 4 chini ya argoni, bila sukari. Joto hilo linatosha kuziruhusu atomu zijipange, na kweli ujazo ulishuka hadi 291.5. Lakini chembe zilikuwa zimeshikana na kuvimba. Vigae vilipotea na badala yake tukaona mabonge ya nanometa mia nne na zaidi. Uwezo kwa mwendo wa kawaida ulikuwa 97. Makosa ya ndani yalipona, udogo ukapotea.

Hatua ya tatu ilikuwa unga wa nyuzi 190 uliochanganywa na sukari asilimia 10 kwa uzito, sukari ya kawaida ya mezani kutoka kiwanda cha TPC, Moshi, iliyoyeyushwa katika maji kidogo na kukaushiwa juu ya unga, kisha kuchomwa kwenye 650. Sukari hufanya kazi tatu kwa wakati mmoja. Inapoungua inaacha koti la kaboni la nanometa chache linalopitisha elektroni. Koti hilo linazizuia chembe zisigusane na kuungana. Na kaboni yenyewe inakirudisha chini chuma kidogo kilichokuwa kimeoksidika. Unga ulitoka mweusi. Ulitoa 151 kwa mwendo wa saa 10, na kwa mwendo wa saa moja 132. Mrija wa thiosianeti ulibaki mweupe.

Kwa hiyo ndoto ya kuliacha tanuri haikutimia. Joto sahihi la maji peke yake lilitupa zaidi ya theluthi mbili ya uwezo, na kwa taa ndogo ya sola pengine hiyo inatosha. Kwa betri inayotakiwa kuvuta mkondo mkubwa, sukari na tanuri vinahitajika, na gharama ya argoni lazima ihesabiwe tangu mwanzo.

Bei ya udogo

Kuna jambo ambalo vipimo vya gramu havilionyeshi. Mwanafunzi alimimina unga katika silinda ya kupimia na kuigonga mezani mpaka ulipoacha kushuka. Sentimita moja ya ujazo ilibeba gramu 0.7, ilhali fuwele yenyewe ina gramu 3.6 kwa ujazo huo. Unga wa nano ni kama pamba: nafasi iliyo tupu ni nyingi kuliko kitu chenyewe. Betri mbili zenye uzito ule ule wa kathodi zinaweza kutofautiana sana kwa ukubwa.

Aidha, eneo la nje la chembe ndogo ni kubwa, na gundi inayoshika unga kwenye karatasi ya alumini hutapakaa juu ya eneo hilo na kuisha. Uji wa kwanza uliopakwa kwa uwiano wa unga 80, masizi 10 na gundi 10 ulikauka vizuri, na mwanafunzi alipoukunja ukingo wa karatasi kwa kucha ukabanduka kama lipu la ukuta wenye unyevu. Tabaka nene lilipasuka zaidi ya jembamba. Baada ya majaribio kadhaa, kilichotusaidia zaidi ya kuongeza gundi kilikuwa kuunganisha chembe kwanza kuwa vidonge vya mikromita chache, kwa kuukausha mchanganyiko wa sukari taratibu huku ukikorogwa mpaka unene kama ugali laini, kisha kuupitisha kwenye chekecheke kabla ya tanuri. Ndani ya kidonge chembe zinabaki ndogo na kila moja ina koti lake. Nje, kinachogusana na gundi ni kidonge. Silinda ilipogongwa tena ilisoma gramu 1.1.

Hilo linabadilisha pia mahali pa kuupeleka unga. Kwenye pikipiki ya bodaboda nafasi chini ya kiti ni finyu na kila sentimita ina thamani. Ndani ya nyumba, betri ya sola inayokaa kwenye kona ya sebule inaweza kuwa kubwa kidogo bila kumsumbua mtu, kwa hiyo mwanafunzi ameandika katika tasnifu yake kwamba unga huu, kwa ulivyo sasa, ufikiriwe kwanza kwa sola.

Maji ya kuoshea

Kasoro ya mwisho ya njia hii ni ya gharama, nayo bado tunaifanyia kazi. Tunatumia moli 3 za lithiamu kupata unga wenye moli 1. Mbili zinabaki katika maji ya kuoshea zikiwa salfeti ya lithiamu, na lithiamu ndiyo kemikali ghali kuliko zote tunazonunua. Kuyamwaga maji hayo ni kumwaga fedha, mbali na kwamba hayafai kuingia kwenye mtaro.

Kuirudisha kunawezekana kwa njia rahisi. Kabonati ya lithiamu, tofauti na chumvi nyingi, huyeyuka kidogo zaidi maji yanapokuwa ya moto, kwa hiyo maji yakipunguzwa kwa kuchemshwa na kuongezewa kabonati ya sodiamu, kabonati ya lithiamu hutulia chini na kuchujwa ikiwa bado ya moto. Hapa Arusha maji huchemka kwenye nyuzi 95 hivi kwa sababu ya mwinuko, na tofauti hiyo haizuii kazi. Mwanafunzi aliuliza, kwa haki kabisa, kwa nini tusitumie magadi, ambayo ni kabonati ya sodiamu kwa sehemu kubwa na yanauzwa sokoni kwa kikombe. Magadi ya Bonde la Ufa huja na floridi, ile ile inayotia madoa meno ya watoto wa huku, na floridi ikiingia tungeirudisha ndani ya kila pishi litakalofuata. Tutatumia soda ya maabara kwanza, tupime tunachopata, na ndipo tujaribu magadi yaliyosafishwa sambamba nayo.

Maji ya mapishi 14 yamehifadhiwa katika ndoo tatu zenye vifuniko, kila moja ikiwa na tarehe na joto halisi la chombo, lililosomwa kwenye waya uliofungwa ubavuni mwake.